Jaribio Likishindwa, Nani Alipe?

Mzazi wa Bagamoyo aliyempeleka mwanawe kwenye jaribio la chanjo ya malaria alianza kwa kupewa maelezo. Yaliandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma alisomewa mbele ya shahidi kabla ya kuweka dole gumba. Alielezwa kwamba chanjo bado inachunguzwa, kwamba madhara yanaweza kutokea, na kwamba ana haki ya kumtoa mtoto siku yoyote bila kudaiwa sababu wala kunyimwa matibabu. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na kamati za maadili, mamlaka za serikali zinazosimamia dawa, na bima ya washiriki.

Ulinzi huo umezaa matunda. Kati ya mwaka 2009 na 2014 kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kilikuwa kimoja kati ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoifanyia majaribio ya mwisho chanjo ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000. Ilipofika zamu ya chanjo ya R21, Bagamoyo ilikuwamo tena, safari hii ikiwa miongoni mwa vituo vitano, na kazi ya hapa ikiongozwa na Dk. Ally Olotu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Watoto wa mji huu wamo ndani ya ushahidi ambao leo unatumika barani kote.

Ukiacha mji na kuelekea kusini kwa njia ya pwani unafika Mlingotini. Hapo kumefanyika jaribio jingine, la watu wanaotafuta namna ya kuendelea kulima mwani katika bahari inayozidi kupata joto. Walioshiriki ni wakulima, wengi wao wanawake. Nao walitumia miili yao, muda wao na kipato chao kupima kitu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika nacho. Ulinzi wao ulikuwa upi?

Swali hili nalileta kwa sababu miaka ya karibuni tumekuwa taifa linalousifia ubunifu kwa sauti kubwa. Tuna maonyesho, tuna tuzo, tuna vituo vya kulea kampuni changa za vijana. Ninayapenda hayo na sitaki yapungue. Ila nikiuangalia uvumbuzi unaogusa maisha ya watu wa pwani, naona mzigo wake mzito zaidi, ule wa kujaribu na kushindwa, umewekwa mabegani mwa wenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba.

Mbegu ya mwani tunaolima ilitoka Ufilipino. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, baada ya miaka ya utafiti na ushawishi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miaka ya 1990 kikashika pia pwani ya bara. Aina ni mbili. Spinosamu ni sugu lakini bei yake ni ya chini. Kotonii hulipwa zaidi, mara nyingi karibu mara mbili, kwa sababu utomvu wake mzito unatakiwa sana na viwanda vya vyakula na vya dawa za meno.

Kazi yenyewe inafuata maji. Bamvua likiwadia na maji yakatoka, mama anashuka na vigingi vyake, anavigongomea mchangani safu kwa safu, kisha anavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kwenye kamba kuna vipande vya mbegu, kila kimoja kimefungwa kwa kijikamba kinachoitwa taitai, na kutoka fundo hadi fundo ni shubiri moja hivi. Mafundo hayo hufungwa nchi kavu, kina mama wamekaa kivulini, mikono inakwenda huku mazungumzo yakiendelea. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa kwa wakala wa kampuni. Mtaji wake ni mdogo na shamba linafikika kwa miguu, ndiyo maana wanawake waliuchukua mwani wakaufanya wao.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ikaanza kufa. Mmea huu hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 30, na maji ya kina kifupi yaliyosimama juani wakati wa kupwa hupanda zaidi ya hapo. Mmea ukishadhoofika, matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na maji. Mkulima anarudi bamvua lijalo na kukuta kamba tupu. Wengi waliikimbilia spinosamu, yaani walikubali kazi ileile kwa malipo pungufu.

Jibu lililojaribiwa Mlingotini lilikuwa kuhamisha shamba. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Zanzibar, alishirikiana na wenzake na wakulima wa Bagamoyo kupima kamba zinazoelea: kamba ndefu, zimeshikwa chini kwa nanga na kubebwa juu kwa maboya, kwenye maji ya kina ambako joto halipandi na kushuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kotonii ilikua. Tena samaki walikusanyika chini ya kamba, wakulima wakaweka madema, mitego ya samaki, palepale, mavuno yakawa ya mwani na ya kitoweo. Lile dema nalipenda kuliko sehemu nyingine zote za habari hii. Chombo cha mababu kimewekwa chini ya shamba jipya, na kufanya hivyo kunataka mtu anayejua samaki wa eneo lile hupenda kivuli gani.

Hesabu nyingine ndizo zilizokuja kuuma. Kamba zinazoelea zinataka mtumbwi. Zinataka kamba nene, nanga na maboya, na upepo ukichafuka vyote vinaweza kuondoka usiku mmoja. Zinataka pia mtu asiyeogopa maji marefu, na kina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea, maana kuogelea kulihesabiwa kazi ya wavulana. Shamba lililokuwa hatua kadhaa kutoka mlangoni sasa halifikiki bila chombo, na mwenye chombo kwa kawaida ni mwanamume. Mbinu iliyookoa mmea ingeweza kumtoa shambani mwanamke aliyeulima.

Msuya hakuishia hapo, na kwa hilo namheshimu sana. Miaka iliyofuata, upande wa Zanzibar, yeye na Dk. Narriman Jiddawi pamoja na Cecile Brugere walijaribu na wakulima neti za mfano wa bomba, mbinu iliyokuwa imeshatumika Brazil. Mbegu hutiwa ndani ya neti badala ya kufungwa moja moja kwa taitai, kwa hiyo mawimbi hayaikati kirahisi. Pamoja na neti zilikuja boti na mafunzo ya kuogelea. Mtu anaweza kuyaona mafunzo hayo kuwa nyongeza ya hisani. Mimi nayahesabu kuwa ni sehemu ya uvumbuzi, sawa na neti yenyewe, kwa kuwa bila hayo neti ingebaki kuwa kifaa kizuri cha mtu mwingine.

Basi mvumbuzi hapa ni nani? Mwanasayansi mwenye shahada, bila shaka. Mkulima aliyekuwa wa kwanza kuona matawi yakigeuka meupe, naye pia. Mvuvi mwenye dema. Hata yule mama aliyejaribu akasema kwamba kwake haiwezekani, ametoa taarifa ambayo isingepatikana maabara.

Watanzania tunaikumbuka habari ya Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa darasani. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne wakachapisha makala ambayo wanafizikia wanaibishania hadi leo. Kisa hicho husimuliwa kama somo la kutodharau maswali ya mtoto, na ni somo zuri. Lakini kina jambo lisilotajwa sana: jaribio la Mpemba liligharimu maziwa na sukari. Likishindwa, kesho anajaribu tena. Mama wa Mlingotini akiitoa kamba yake ijaribiwe, anaweka rehani sare ya mtoto na unga wa mwezi. Udadisi wake unaweza kuwa sawa na wa Mpemba au kuuzidi, na bado akawa na busara ya kutojaribu.

Tazama sasa fedha zetu za ubunifu zinavyotoka. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani MAKISATU, yalianza mwaka 2019, na jambo jema ni kwamba yaliwapa nafasi wabunifu wa mfumo usio rasmi, mafundi wasio na vyeti. Hata hivyo, tuzo humfikia mtu ambaye kitu chake kimeshafanya kazi. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Aliistahili. Ila yeye alikuwa mhadhiri, mwenye chuo nyuma yake katika siku ambazo mambo yalikuwa hayajakaa sawa. Mkulima hana mwajiri wa kumlipa mwezi ambao jaribio limeharibika.

Njia ya pili ni mkopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sera ninayoiunga mkono. Lakini mkopo haujui jaribio. Kikundi kikikopa kununua boti na kamba za kupima mbinu mpya, bahari ikazichukua, deni linabaki palepale, na wanakikundi wanadhaminiana. Kwa hiyo kikundi chenye akili kitakopa kufanya kile ambacho kila mtu anafanya. Halafu tunauliza kwa nini mikopo haizai ubunifu.

Ninachopendekeza kinaigwa kutoka kituo cha utafiti kilekile cha Bagamoyo. Kila mradi wa umma au wa wafadhili unaomtaka mkulima au mvuvi ajaribu mbinu mpya ubebe hasara ya msimu wake. Mwenye kamba 50 akitoa 10 zijaribiwe, mradi umhakikishie bei ya mavuno ya kawaida ya hizo 10. Zikizaa zaidi, ziada ni yake. Apewe maelezo ya Kiswahili kabla hajaanza, yenye hatari zilizotajwa waziwazi, na ajue kwamba anaweza kujitoa. Fedha zinaweza kuanzia kwenye fungu dogo la Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na halmashauri za pwani zikachangia sehemu ya mapato yao kwa kuwa zinatoza ushuru wa mazao hayohayo.

Yapo mapingamizi, na mawili ni ya kweli. La kwanza ni kwamba mtu aliyehakikishiwa malipo hatatunza kamba za jaribio. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake inajulikana: hakikisho liwe la kamba chache tu, na ziada iwe kubwa kiasi cha kumvutia. Mkulima mwenye kamba 40 zinazomlisha hawezi kwenda baharini akazitunza hizo na kuzipa kisogo 10 zilizo pembeni yake kwa sababu tu zina dhamana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Chanjo hulindwa na sheria kali kwa sababu inaingia mwilini na inaweza kuua, na sheria hizo zilizaliwa na maumivu. Marekani, kwa miaka 40 hadi 1972, wanaume weusi wa Tuskegee waliachwa na kaswende bila tiba ili ugonjwa utazamwe unavyoendelea. Kulinganisha hilo na kamba za mwani kunaweza kuonekana ni kukosa kipimo. Nakubali kwamba hatari hazilingani, na sidai kamati ya maadili ikae kujadili kila kigingi. Lakini njaa nayo inaingia mwilini. Mama asiyejua kuogelea akipandishwa kwenye mtumbwi kwenda kwenye maji marefu kwa ajili ya mbinu aliyoletewa, hatari hiyo ni ya uhai wake, na mradi uliompandisha unawajibika kumfundisha kuogelea na kumpa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kumpa neti.

Limebaki suala la matokeo. Utafiti wa 2007 umeandikwa kwa Kiingereza, umenukuliwa na watafiti wa nchi nyingi, na umesaidia watu wengine kufikiri juu ya mwani wao. Vijiji vilivyotoa kamba zao vinastahili kupata ripoti kama hizo kwa lugha yao, zikisomwa kwenye mkutano wa kijiji, kukiwa na nafasi ya kuzipinga. Kikundi kikisema kamba zinazoelea hakiziwezi, maneno hayo yaandikwe kwenye ripoti kama matokeo mengine yoyote, na wanakikundi walipwe msimu walioutumia kulithibitisha hilo.