Mgao wa umeme mchana na friji za Kiamaiko

MGAO wa umeme si jambo geni kwa Mkenya. Agosti 2009, baada ya ukame kupunguza maji ya mto Tana na bwawa la Masinga kusitisha uzalishaji, maeneo mengi yalikatiwa umeme mchana kwa zamu. Jioni taa zilirudi, na wengi wakaona nyumba zimenusurika.

Japani ilipokumbwa na tetemeko Machi 11, 2011, maeneo yanayozunguka Tokyo nayo yaligawiwa makundi, kila kundi na saa zake za giza.

Lakini Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi, nyumba na kazi hazitengani. Chumba anacholala mama ndimo ilimo friji ya matumbo na maziwa ya kuuza. Mbuzi huchinjwa alfajiri. Nyama isiyouzika kufikia adhuhuri, friji ikizima, hutolewa kwa hasara au huishia sufuriani mwa mwenyewe. (Harufu ya mchana wa jua kali sitaieleza.) Mwenye jenereta haathiriki. Mpangaji ambaye kodi yake hujumuisha stima huilipa nzima, hata kwa siku za giza.