BWANA SHAMBA ANASEMA: Mafuta ya Chipsi na Mashine ya Kusaga



Mashine ya kusaga ya kijiji kimoja hapa Kondoa ilizimika. Kwa siku tisa akina mama walibeba mahindi na uwele kichwani hadi kijiji jirani. Mwendesha mashine alikuwa amesikia kwamba injini ya dizeli huendeshwa hata kwa mafuta ya kupikia. Akanunua dumu la mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, akayamimina tangini. Mashine ilitoa moshi mweusi, kisha ikakwama.

Ndugu yetu hakudanganywa. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, Ufaransa, injini aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hapa Tanzania, miaka ya 2000, mafuta ya mbono yalijaribiwa katika injini za vijijini.

Basi alikosea wapi? Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli, kama mara kumi. Nozeli hushindwa kuyarusha kama ukungu. Hayaungui yote, nayo masizi hugandia kwenye nozeli na ringi za pistoni. Yaliyokaangiwa yana pia chembe za viazi na maji. Chembe huziba chujio, maji hutia pampu kutu. Na baridi yetu ya Juni na Julai unaijua: mafuta huzidi uzito.

Sasa fanya hivi. Acha mafuta yatulie wiki nzima. Mimina ya juu tu, machicha yabaki chini. Chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Funga tangi la pili lenye bomba lake. Washa injini kwa dizeli. Ikishapata moto sawasawa, funga dizeli, fungua mafuta. Kabla ya kuzima, rudisha dizeli kwa dakika kadhaa. Oili ya injini uibadilishe mapema, maana mafuta yakipenya humo huifanya nzito kama uji.

Haya ni kwa injini nzito za zamani zinazokwenda polepole. Gari jipya usilijaribu.

Wengine wananiuliza juu ya alizeti yetu. Mimi sikubali. Hicho ni chakula, na bei yake huipita dizeli.

Fundi amekwisha kusafisha nozeli na kuweka chujio jipya. Kamati ya mashine inatafuta tangi la pili.