Mkataba wa baharia ni usalama wa abiria

Kwetu Lingeka ni eneo la pamba, lakini Busega, wilaya ya mkoa wetu huu wa Simiyu, inapakana na Ziwa Victoria, hivyo hali ya mabaharia inatuhusu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama ziwani humo karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake wa 101. Zaidi ya 220 walikufa. Baharia asiye na mkataba atathubutu vipi kukataa kung'oa nanga chombo kikijazwa kupita kiasi? Wamiliki watasema masharti bora ya kazi yatapandisha nauli. Huenda, kidogo. Lakini baharia mzoefu akiondoka kwa sababu ya masharti duni, mwanafunzi wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam hamrithi kesho. Anahitaji muda melini kwanza. Wamiliki wa vyombo, toeni mikataba na nafasi za mafunzo.