Ijaza ya Mpishi

Sisi watu wa pwani tukisema chuo, twakusudia pale mtoto aanzapo alifu na bee mbele ya mwalimu wake. Walakini bara neno hilo lina maana pana zaidi. Juzi nilipokuwa njiani kwenda Thika nilikaribishwa Ruiru katika chuo ambacho ubao wake si wa kuandikia aya, bali ni wa kukatia vitunguu.

Mkuu wa chuo hicho, asiyependa kutajwa gazetini, ni mpishi. Aliingia jikoni mwa hoteli akiosha sufuria, akapandishwa kumenya viazi, kisha akapewa michuzi, hata akawa mpishi mkuu. Leo ana wanafunzi na daftari la mahudhurio. Nilimwuliza ipi nzito katika kazi hizo mbili. Akasema kuwa jikoni mkono wake ulijua bila ya kuulizwa. Darasani, kila jambo ulijualo mkono sharti ulimi uweze kulieleza.

Naam, hapo ndipo penye mjadala wetu. Katika barabara hiyo hiyo ya Thika, upande wa Nairobi, Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa 1975 kwa ushirikiano na Uswisi. Lakini kule Thika kwenyewe, hoteli ya Blue Posts ilikwisha kuwapo tangu 1908. Wapishi waliolisha wageni kwa miaka sitini na saba kabla ya chuo hicho walifundishwa na nani, kama si moto na mpishi aliyewatangulia?

Kwetu pwani, ujenzi wa Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala, Vipingo, ulianza 2013 na ukapita miaka kumi haujakamilika. Kijana wa Malindi akapanda basi kwenda bara kutafuta cheti, ili arudi kupika kando ya bahari aliyozaliwa nayo. Na bibi yake, ajuaye kupalia makaa juu ya pilau ya watu mia tano, hana karatasi. Basi huhesabiwa hana elimu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Jambo hili si geni kwetu. Sheikh humpa ijaza yule aliyemsikia kwa masikio yake akisoma, wala haulizi alikalia mkeka wa msikiti gani. Lakini ijaza yataka sheikh anayeijua elimu yenyewe. Mtahini ajuaye michuzi ya Ulaya peke yake atampimaje bibi wa Mombasa? Tena atajua kwamba mwanafunzi aliyefunga Ramadhani, kwa fikihi yetu ya Kishafii, aweza kuonja kwa ncha ya ulimi penye haja, akatema, na saumu yake isibatilike? Mzazi akikosa jibu la swali kama hilo, binti habanduki nyumbani.

Nilipoaga, nilimwuliza mwenyeji wangu kama angempokea bibi huyo afundishe. Akacheka, akasema angempisha mwiko siku hiyo hiyo, ila mkaguzi angetaka kuona cheti chake.

Basi mkaguzi na ashuke pwani siku ya harusi. Aketi kwenye sinia, aonje kwanza. Ya karatasi yatafuata.