Uzito wa Bosi Hautoshi

Juzi nilichapisha karatasi mbili za plastiki angavu kwenye steshenari ya mtaani. Kila moja ilijaa vidoti vyeusi ovyo ovyo, kama televisheni iliyokosa chaneli. Nikazipandanisha, nikaisogeza ya juu kwa ncha ya kidole, mara sahihi yangu ikajitokeza. Kidole kilipoteleza kidogo tu, ikapotea. Hakuna kompyuta wala nywila; jicho ndilo lililofungua.

Mbinu hiyo waliitoa Moni Naor na Adi Shamir mwaka 1994. Kila nukta ya picha hugawanywa kuwa vijinukta. Penye weupe, vijinukta vyeusi vya karatasi zote mbili huangukiana na nusu ya nafasi hubaki wazi. Penye weusi hupishana, pote pakafungika. Mwenye karatasi moja, hata awe na mitambo ya aina gani, hana kitu. Gharama yake ni kwamba weupe hugeuka kijivu.

Karatasi hizo ni vipande vya siri moja. Je, wenye vipande wasipolingana vyeo? Jibu la haraka Shamir alikwisha kulitoa mwaka 1979: kama vipande vitatu ndivyo vinavyofungua, rais wa kampuni apewe vitatu, makamu wake viwili kila mmoja, maofisa kimoja kimoja. Rais anafungua peke yake. Maofisa mpaka watimie watatu.

Jibu hilo linanikera kidogo, maana linayachukulia mamlaka kama mzigo wa kupima kwa mizani. Chukua ofisi yenye wahasibu wawili na wanasheria wawili. Wahasibu wote wawili wanaweza kufungua, na wanasheria wote wawili vilevile, ila mhasibu mmoja na mwanasheria mmoja, hapana. Wagawie uzito upendavyo: mhasibu mzito kuliko mwenzake akikaa na mwanasheria mzito kuliko mwenzake, kiwango wamekifikia. Umeshindwa.

Ndiyo maana wengine huanza na orodha ya makundi yanayoruhusiwa. Ito, Saito na Nishizeki walionyesha njia mwaka 1987. Ateniese, Blundo, De Santis na Stinson wakaipeleka kwenye picha mwaka 1996. Shida ni kwamba masharti yakiongezeka, nukta moja huzaa vijinukta vingi, picha ikavimba na weupe ukazidi kufifia. Sahihi yangu iko hapa mezani, kijivu tayari, na ni karatasi mbili tu.