Mbuna Wanajulikana Ulaya, Matwebe Hawajulikani

Mtoto wa Matwebe, wilayani Rungwe, akimaliza darasa la saba anaweza kukueleza matumbawe ni nini. Ameyasoma, ameiona picha ya Zanzibar kitabuni. Muulize kuna nini chini ya maji ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, atakutajia usipa na mbasa, yaani kile kinachopanda na magari kuja sokoni Tukuyu. Mtoto hana kosa. Wenye kosa ni sisi watu wazima, na zaidi yetu wale tuliowapa ofisi na bajeti.

Matema si mbali. Unateremka kutoka Tukuyu, unapita Masoko, unapita Ipinda, umefika. Pale Milima ya Livingstone inaingia ziwani bila kusimama, na mawe yake yanaendelea kushuka chini ya maji. Ukichukua boti kuelekea Ikombe, kwa wafinyanzi wa vyungu vya Kikisi, unapita juu ya mawe hayo. Huko chini wanaishi mbuna, samaki wadogo wa buluu, wa manjano, wa mistari, wanaokwangua mwani kwenye miamba. Majike wao huatamia mayai mdomoni. Wengi hawavuki mchanga kwenda mwamba wa jirani, ndiyo maana kipande kimoja cha pwani huweza kuwa na samaki wa rangi isiyoonekana kipande kinachofuata. Hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko Nyasa, na wengi wao hawapo popote pengine. Kuwaona kunahitaji miwani ya majini, bomba la kupumulia na mwongozaji anayeyajua maji yale. Basi.

Nani anawaona? Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani. Lupingu na Magunga ni majina ya pwani yetu ya Nyasa, na huko Ulaya na Marekani samaki wanauzwa kwa majina hayohayo, mnunuzi ajue rangi aliyoichagua imetoka mwamba gani. Mtu anamtazama samaki wetu sebuleni kwake kila jioni, na mwalimu wa sayansi wa Rungwe hajawahi kumwona hata mara moja. Naliita hili dhuluma, na sitafuti neno la upole zaidi.

Wenzetu wa Malawi walitangaza hifadhi ya taifa ndani ya ziwa hilihili mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Wageni hupelekwa kwa boti kuogelea na mbuna. Upande wetu hatuna hifadhi ya taifa hata moja ndani ya Nyasa. Wala hatuwezi kusema Watanzania hatujui kazi hiyo. Kisiwani Chumbe, Unguja, uvuvi ulipigwa marufuku kwenye miamba mwaka 1994, wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi, na wanafunzi wa Zanzibar huletwa kwa boti, wakavishwa miwani, wakaonyeshwa bahari yao wenyewe. Kwa nini mtoto wa Unguja astahili hilo na wa Matwebe asistahili?

Najua jibu litakalokuja: ziwa lina kichocho. Kweli, na asifichwe mtu. Wanaoingia majini wapimwe na watibiwe. Lakini tuseme ukweli wote. Watafiti waliofanya kazi upande wa Malawi wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono wanaobeba ugonjwa huo. Kokoro linalokomba kina kifupi, pamoja na vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, huenda vinachangia kutuletea ugonjwa. Anayewalinda samaki hao anailinda pia afya ya kijiji.

Wala si Nyasa tu tusiyoijua. Hapa wilayani kwetu, katika Ziwa Kisiba pale Masoko, samaki wa aina moja wanagawanyika kuwa wawili: wa manjano kwenye kina kifupi, wa buluu kule chini. Mgawanyiko huo umetokea ndani ya takriban miaka 1,000, jambo la juzi tu kwa hesabu za maumbile. Mwaka 2015 jarida la Science liliieleza dunia nzima habari hiyo. Shule ngapi za Rungwe zimeelezwa?

Halmashauri za Rungwe na Kyela zikae meza moja. Boti inunuliwe, yenye jaketi okozi kwa kila kichwa. Vijana wavuvi wa Matema na Ikombe wafundishwe uongozaji na uokoaji, walipwe mshahara, wasiachiwe bakshishi. Yawekwe maboya ya kufungia boti, nanga isidondoshwe juu ya miamba, na kokoro liondolewe pale bila kuoneana haya. Safari zifanyike Septemba hadi Novemba, upepo wa kusini ukishatulia na kabla mvua hazijachafua maji, na siku moja ya kila wiki iwe ya shule, bila malipo. Madiwani wa kata zetu, Matwebe ikiwamo, waombe fungu la kazi hii kwenye bajeti ijayo, na atakayelikata atueleze sababu kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya wazazi.