Kinga ya Majeraha ya Moto Huanzia Karakanani

Majeraha ya moto hutibiwa hospitalini, lakini mengi kati ya hayo huwa yameamuliwa mahali pengine kabisa: jikoni, kando ya barabara na karakanani. Kwa sababu hiyo, usalama wa mfumo wa mafuta katika magari ya michezo yanayoundwa nyumbani si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la afya, na wahudumu wa afya wanastahili kuwa na kauli ndani yake.

Uundaji wa magari ya aina hii ulistawi Uingereza. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwasisi wa kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo jepesi lililoitwa Seven. Mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande, akaliunganisha mwenyewe na kuepuka kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilirithi gari hilo, na hadi leo wapo watu wanaotumia jioni zao na siku za mapumziko kuunganisha chasisi, injini na bodi kwa mikono yao wenyewe. Ni kazi ya kuheshimika, yenye subira na maarifa mengi. Hata hivyo, gari la kiwandani hupita mikononi mwa wahandisi wengi, na baadhi ya magari hugongeshwa makusudi ili udhaifu wake uonekane. Nyumbani mwundaji ndiye mhandisi, ndiye fundi, ndiye mkaguzi. Akikosea, hakuna jicho la pili.

Kosa katika mfumo wa mafuta halifanani na kosa la rangi au la kiti. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni hadi ukutane na cheche. Mvuke kidogo tu hewani, takriban asilimia moja na nusu, watosha kuwaka. Ndiyo maana tenki lililomwagwa mafuta likaonekana tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa: ndani yake mna mvuke uliochanganyika na hewa ya kutosha kulipuka. Fundi anayelichomelea tenki la namna hiyo bila kulisafisha anafanya kazi mbele ya bomu.

Sehemu zinazoshindwa zinajulikana. Ya kwanza ni mpira wa kupitisha mafuta. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani isiyotengenezwa kwa mchanganyiko huo hukakamaa na kupasuka. Ya pili ni klipu. Mfumo wa kabureta husukuma mafuta kwa shinikizo dogo, chini ya nusu ya baa. Mfumo wa kisasa wa kunyunyizia mafuta huhitaji takriban baa tatu. Mwundaji anayebadilisha injini huku akiacha mipira na klipu za awali anaalika mpira uchomoke na petroli iruke kama manyunyu juu ya ekzosi yenye moto. Ya tatu ni bomba linalopita kwenye tundu la bati bila kuvikwa mpira wa kulikinga, hata likakatwa polepole na mtikisiko.

Kisha kuna pampu ya umeme. Isipofungwa swichi inayokata umeme gari linapogonga, pampu huendelea kusukuma mafuta kwenye bomba lililokatika, wakati dereva amebanwa kitini. Tenki nalo lapasa kutengwa na abiria kwa ukuta imara, na tundu lake la kupumulia liwe na vali inayojifunga gari linapopinduka. Vifaa hivi vyote, vikilinganishwa na bei ya injini, havina gharama kubwa. Vinachohitaji ni mtu kuviona kuwa ni sehemu ya gari, si nyongeza.

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo humfariji aliyefikwa, lakini hautoshi kuwa mwongozo wa anayeunda. Ajali yenyewe yaweza kukosa kinga. Moto unaofuata baada ya ajali una kinga, na historia inathibitisha hivyo. Wakati wa vita vya Vietnam, wachunguzi wa ajali za helikopta za jeshi la Marekani walibaini kwamba wanajeshi wengi walikuwa wakinusurika kishindo cha kuanguka, kisha wakafa kwa moto. Kuanzia mwaka 1970 helikopta zilianza kufungwa matenki yasiyopasuka kwa urahisi, pamoja na viungio vinavyojifunga vyenyewe bomba linapokatika. Vifo vya moto katika ajali ambazo watu wangeweza kunusurika vilipungua mno. Haikuwa dawa mpya iliyoleta badiliko hilo, wala upasuaji mpya.

Mashindano ya magari yalijifunza somo hilohilo kwa uchungu. Tarehe 1 Agosti 1976 Niki Lauda alinaswa ndani ya gari lililokuwa likiwaka katika uwanja wa Nürburgring. Wengi hukumbuka makovu ya uso wake, ilhali kilichomfikisha ukingoni mwa kifo zaidi ya ngozi ni mapafu yaliyovuta moshi wenye sumu. Miaka 44 baadaye, Novemba 2020, Romain Grosjean alitoka ndani ya moto nchini Bahrain baada ya karibu nusu dakika, akiwa na majeraha ya mikono. Nguo zisizoshika moto na muundo wa gari vilimwokoa. Hata hivyo, uchunguzi ulionyesha kwamba kiungio cha mafuta kilichomoka kwenye tenki. Ikiwa gari lililoundwa na wataalamu bora duniani liliweza kuvuja, la nyumbani halina sababu ya kujiamini.

Wapo wanaosema kwamba mwenye gari ndiye mwenye roho yake, na kwamba ukaguzi mwingi utaua ubunifu. Hoja hiyo ina upungufu. Moto haumchagui aliyeridhia: humkuta abiria, jirani wa karakana na msamaria aliyekimbilia kuokoa. Isitoshe, tangu mwaka 2009 Uingereza ina utaratibu wa kukagua gari moja moja kabla halijaruhusiwa barabarani, na mfumo wa mafuta ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa. Uundaji wa magari haukufa. Ukaguzi haukumnyang'anya fundi kazi yake, bali ulimpa jicho la pili alilolikosa.

Afrika Mashariki magari ya michezo yaliyoundwa nyumbani ni machache, lakini petroli ni ileile. Bajaji, pikipiki na magari yaliyobadilishwa injini hupita mikononi mwa mafundi wanaofanya kazi bila mkaguzi, na dumu la plastiki hugeuzwa tenki pale pampu inapokufa. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, liliwaka moto huku watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hakuna wodi ambayo ingeweza kuzitibu hasara za siku ile.

Karakana ina madhara mengine ya kimyakimya. Anayevuta petroli kwa mpira kwa kutumia mdomo anaweza kuiingiza mapafuni na kupata uvimbe mkali wa mapafu. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kutapika, bali awahishwe kituo cha afya. Anayenawa mikono kwa petroli kila jioni anajipaka benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Kwa aliyeungua, hatua za mwanzo ni chache na zina thamani kubwa. Aondolewe kwenye chanzo cha moto na avuliwe nguo zilizolowa mafuta, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Jeraha lipozwe kwa maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa asipatwe na ubaridi. Hatua hii husaidia hata ikichelewa, ndani ya saa tatu za kwanza. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai na barafu havifai. Mhudumu akiona masizi puani, nywele za pua zilizoungua au sauti iliyokwaruza, ajue kwamba njia ya hewa inaweza kuvimba na kuziba muda wowote, hata kama mgonjwa bado anazungumza, na rufaa isisubiri.

Lakini wajibu wa mhudumu hauishii kwenye kidonda. Wachunguzi wa helikopta waliweza kubadili matenki kwa sababu waliuliza, wakaandika, nani alikufa kwa kishindo na nani kwa moto. Jalada la mgonjwa linalosema tu "ameungua kwa petroli" halimfundishi mtu yeyote. Linalosema kwamba mpira ulichomoka, au kwamba tenki tupu lilikuwa likichomelewa, linampa mkaguzi, mwalimu wa ufundi na mtunga sheria mahali pa kuanzia. Swali moja la ziada wakati wa kuchukua historia huchukua dakika moja. Kupandikiza ngozi na kunyoosha viungo vilivyokazwa na makovu huchukua miaka, na baadhi ya wagonjwa hawafiki huko.